Ubao Uliohesabu Mitungi

Kaka yangu hakai kwenye nyumba ya mtu kabla hajajua mlango wa pili uko wapi. Ataitikia salamu, ataulizia watoto, atasifia pazia jipya, huku shingo inazunguka kimyakimya ikitafuta pa kutokea. Ni tabia aliyoipata zimamoto, alikoingia akiwa na miaka ishirini na miwili, na haikumtoka tena. Nilipopanga chumba changu cha kwanza, zawadi aliyoniletea ilikuwa msumeno wa chuma na bawaba nne. Alikata nondo za dirisha, akazifanya kijilango kinachofunguka kwa ndani, akanijaribisha kupita mara tatu nikiwa na sketi ya kazini. Mwenye nyumba alipokuja juu, Kaka akamwambia kwa upole, "Mzee, wewe una wapangaji wanane. Mimi mdogo wangu ni huyu mmoja."

Amenizidi miaka tisa. Mama yetu alifua mashuka ya hospitali, akitoka alfajiri na kurudi jua limekwisha, kwa hiyo saa zile ambazo mtoto anamhitaji mtu, mtu wangu alikuwa Kaka. Alinisuka vibaya nikachekwa darasani. Alikagua madaftari yangu hata ya masomo ambayo mwenyewe hakuyafikia. Siku jina langu lilipotoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda chuo, gari la zimamoto lilipita mtaani kwetu likipiga king'ora, majirani wakatoka na ndoo za maji. Kaka akachungulia dirishani, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba hakuna moto, ni mdogo wake tu amefaulu. Alipewa barua ya onyo kwa hilo. Akaibandika ndani ya mlango wa kabati lake la kazini, na kila mgeni wa kituo alisomewa.

Uongozi wa zamu alipewa akiwa na miaka thelathini na sita. Kituo chenyewe si kikubwa: banda la magari mawili, moja likiwa juu ya matofali tangu nilipoanza kukifahamu, chumba cha vitanda, jiko, na ukuta wa nyuma wenye misumari mirefu ya kuanikia mipira ya maji. Watu wanane kwa zamu. Kaka hakuwa kiongozi wa makelele. Akitaka kumkaripia mtu alimwita jikoni, akammiminia chai kwa mkono wake, akakaa naye kimya mpaka kikombe kifike katikati. "Ukiona Kiongozi anakumiminia chai," waliambiana, "anza kutubu, hata kama hujui kosa." Alijua mke wa nani amejifungua na mtoto wa nani ana pumu. Nguo za kazi zilizochanika alizileta kwangu nizishone, kwa sababu mashine ya cherehani ilikuwa yangu na uzi ulikuwa wangu, na shukrani zilikuwa zake. Nilimlalamikia hivyohivyo, akacheka.

Mume wangu alihamishiwa pale kutoka kituo kingine. Nilimsikia kabla sijamwona. "Tumeletewa mtu," Kaka alisema siku moja akivua viatu mlangoni kwangu, "akimaliza kufunga buti moja, moto umeshazimika wenyewe." Alikuwa mtu wa taratibu kiasi cha kuudhi. Kila kifungo alikikagua mara mbili, kila bomba alilifungua, akalifunga, akalifungua tena. Lakini Kaka hakuwahi kumharakisha, na Jumapili iliyofuata akamleta kwangu kula. Mgeni alinawa mikono mpaka chakula kikapoa. Mwaka uliofuata tukaoana.

"Shemeji," Kaka alikuwa akimwambia, "ungekuwa na haraka kidogo ungemuoa huyu akiwa bado mzuri."

"Nilikuwa nasubiri kaka yake azeeke," mume wangu alijibu, "asiweze kunifukuza akanipata."

Kuanzia hapo kituo kizima kikamwita Shemeji. Mpaka kwenye orodha ya zamu, iliyoandikwa kwa chaki, lilisomeka hilohilo. Mkuu wa zimamoto, ambaye wote walimwita Mkubwa nyuma ya mgongo wake, alikuja siku moja kukagua, akasimama mbele ya orodha na kuuliza huyu Shemeji ni shemeji wa nani. Wakajibu kwa pamoja, "Wa wote, Mkuu."

Kanuni zilikataza ndugu kuwekwa zamu moja. Mimi ndiye niliyemwomba Kaka azungumze na Mkubwa, kanuni ilegezwe. Nilikuwa na mimba, na nilitaka mume wangu akiingia kwenye moto awe chini ya macho ya mtu ninayemwamini kuliko wote duniani. Nilidhani nimempatia mlinzi.

Sasa lazima nieleze kuhusu ubao. Mtu anayeingia kwenye moshi hubeba mtungi wa hewa mgongoni na kuvaa barakoa usoni. Hewa hiyo ni ya dakika ishirini na tano hivi, na kazi ikiwa nzito inapungua. Kila mmoja ana kibati chenye jina lake. Kabla hajaingia humkabidhi karani wa ubao, anayesimama nje, naye hukitundika na kuandika saa aliyoingia na saa anayotakiwa awe ametoka. Mtu akitoka anachukua kibati chake. Ukiona kibati kimebaki ubaoni, kuna mtu ndani. Binti yetu alilielewa jambo hili akiwa na miaka mitano. Alitundika vijiko ukutani na kutulazimisha tumwombe ruhusa ya kuingia chooni.

Zamani kituo kilikuwa na mitungi minane, kila mtu wake. Kisha barakoa zikaanza kupasuka na mitungi mingine ikavuja kwenye shingo. Binti yetu alipoanza shule ilikuwa imebaki mitatu. Kaka aliandika makao makuu. Aliandika barua kumi na moja kwa miaka minne, na nyingi nilimsafishia lugha mimi, msomi wa familia. Majibu yalikuwa na sentensi moja, kwamba maombi yake yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Huku nyumba zinaungua, na watu wanapiga simu wakilia.

Basi Kaka akatafuta njia. Wakawa wanapokezana. Wa kwanza akitoka anavuliwa, mtungi unabadilishwa kwa uliojazwa, wa pili anavaa barakoa ikiwa bado ina jasho la mwenzake. Tabu ikawa vibati. Katika haraka ya kupokezana watu walisahau kuchukua vyao, na siku moja Karani aliwarudisha watu wawili ndani ya jengo kumtafuta mtu aliyekuwa nyuma ya gari anakunywa maji. Baada ya siku hiyo Kaka akaamua kibati kisimfuate mtu tena, kifuate mtungi. Vikatengenezwa vitatu, namba moja, mbili na tatu. Mtungi ukiingia, namba inapanda ubaoni. Mtungi ukitoka, namba inashuka. Karani alishukuru, kazi ikawa nyepesi.

Njia hiyo ilienda miaka minne bila mtu kuumia. Mkubwa alikuja na cheti chenye fremu, akasema mbele ya watu, "Wengine wananiletea matatizo. Huyu ananiletea matokeo." Kaka alitazama chini kwa haya. Mimi nilipiga makofi, nipo kwenye picha. Barua iliyofuata, ya kumi na mbili kama ingehesabiwa, hakuiandika. Aliniambia angesubiri kidogo, asionekane mtu asiye na shukrani.

Kwenye zile kumi na moja kulikuwa na maneno "kwa sasa tunapokezana". Nilikutana nayo mara kadhaa. Niliweka koma mahali pake, nikaendelea.

Ilikuwa Jumatano, saa tano asubuhi. Ghala la magodoro liliwaka kuanzia mbele. Magodoro yakiungua hutoa moshi mzito mweusi, na waliokuwepo wanasema ulikuwa ukimwagika mlangoni kama kitu cha maji. Kaka aliingiza watu watatu na mitungi mitatu kupitia mbele. Wengine wakabaki nje na mipira. Baada ya dakika chache ukuta wa mbele ukapasuka, Kaka akapuliza filimbi ya kutoka. Mtungi namba moja ukatoka, mbili ukatoka, na wa tatu ukatoka ukikohoa. Karani akateremsha namba zote.

"Ubao mweupe," akasema.

Kaka akaiambia redio kwamba watu wote wako nje. Akawasogeza nyuma, wakamwaga maji kwa mbali, na paa likashuka. Alikuwa amefanya kila kitu kama kitabu kinavyosema, ndivyo kila mtu alivyodhani. Walipoanza kukunja mipira, dereva akagawa chupa za maji ya kunywa. Moja ikabaki mkononi mwake.

"Shemeji hajachukua maji yake," akasema.

Dereva ndiye aliyenisimulia. Alisema Kaka hakupiga kelele. Alikaa chini barabarani, kwenye tope la majivu, kama mtu aliyeambiwa akae. Kisha akainuka, akazunguka nyuma ya ghala, akaanza kufukua mabati ya moto kwa mikono. Waliokwenda kumzuia walimkuta ameshafika mlango wa nyuma. Mume wangu alikuwa hatua sita kutoka pale. Zilikuwa zimepita dakika arobaini tangu ubao uwe mweupe.

Msibani Mkubwa alikuja na sare zake zote. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akainama.

"Mama, mumeo alikuwa shujaa," akasema. "Tatizo ni moyo wa haraka. Aliingia bila kuagizwa, na bila mtungi. Lakini nchi haitamsahau."

Nilimtazama. Nimeishi na yule mtu miaka kumi na saba. Alikuwa akitoka nyumbani anarudi kuangalia kama jiko limezimwa, anatoka, anarudi kuangalia kama aliporudi hakuliwasha. Moyo wa haraka. Kaka alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwetu, mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Alisikia. Akatazama kapeti, na hakuinua uso mpaka Mkubwa alipoondoka. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

Nilimpa siku nane, kisha nikamfuata kwake. Wifi alinifungulia, akaninong'oneza, "Afadhali umekuja, wifi yangu. Hali, halali. Ukimwambia oga, anaoga. Ukimwambia kaa, anakaa. Nimepewa mtoto mkubwa." Alijaribu kucheka, akaishia kwenye khanga yake.

Kaka alikuwa chumba cha nyuma, anatazama ukuta.

"Kaka, nani alimtuma?"

Aliendelea kutazama ukuta.

"Uchunguzi ni Jumatatu," nikasema. "Wataandika kwamba alikuwa mkaidi. Itabaki kwenye faili, na binti yangu ataisoma siku moja. Atakua akijua baba yake alikufa kwa kutosikia la mkubwa."

"Mkubwa ameshaandika," akasema. "Anasubiri sahihi yangu tu."

"Sijakuuliza nani ameandika."

"Aliyesikia ni Karani peke yake. Ameniambia atasema nitakachosema mimi."

"Na wewe utasema nini?"

Alinyanyua mikono yake iliyofungwa, akaitazama, akairudisha mapajani. "Kazi waichukue. Sina shida na kazi. Tatizo langu ni wewe kuwa mle ndani unasikia."

"Nitakaa mstari wa mbele," nikamwambia.

"Usije, mdogo wangu. Nakuomba. Nitasema, lakini usije."

"Nitakuja."

Ukumbi wa mikutano wa makao makuu una feni ambayo haipepei, inalia tu. Kulikuwa na meza yenye kitambaa cha kijani na watu watatu nyuma yake, mwenyekiti akiwa katikati na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kututazamia. Karani aliitwa kwanza. Alikuwa amepiga pasi shati lake hadi mikunjo inakata. Alisema yeye macho yake yalikuwa kwenye ubao, kuhusu amri Kiongozi mwenyewe ataeleza. Alipopita karibu yangu alisema, "Pole, dada," kwa sauti ya mtu anayedaiwa roho.

Kisha Kaka akasimama. Alikataa kiti.

"Mpira wa upande wa nyuma ulikuwa umenasa kwenye rafu, ndani kidogo ya mlango," akasema. "Mitungi yote mitatu ilikuwa ndani kwa mbele. Upande ule haukuwa na moshi bado. Nikamwita Shemeji, nikamwambia aingie aunasue, arudi. Nikamwambia dakika mbili."

"Bila mtungi?" mwenyekiti aliuliza.

"Bila mtungi. Na kibati kwetu kinafuata mtungi. Kwa hiyo bila kibati."

"Alikujibu chochote?"

Kaka aliacha kumtazama mwenyekiti. Aligeuka kidogo, akaniona nilipo.

"Aliniuliza, 'Mbili zako au zangu?'"

Watu wawili watatu waliomfahamu walicheka kabla hawajajizuia. Mmoja wao akaweka uso mikononi.

"Nikacheka," Kaka akaendelea. "Alivyoingia bado nacheka. Nikaitwa mbele, ukuta unapasuka. Nikakimbia. Nikapuliza filimbi. Nikatazama ubao ukawa mweupe. Nikamsahau."

Hakuna aliyeandika. Feni ililia.

"Ulimsahau," mwenyekiti akarudia, bila ubaya, kama mtu anayehakikisha tahajia ya jina.

"Ndiyo. Ubao haukukosea, mitungi yote ilikuwa nje kweli. Niliutengeneza mwenyewe usijue watu."

Mkubwa alikuwa amekaa pembeni. Alikohoa. "Mwenyekiti, naomba tumpumzishe. Ana msiba, ni shemeji yake, hajui asemalo."

"Najua, Mkuu," Kaka akasema. Bado hakupandisha sauti. Angekuwa na birika nadhani angemmiminia. "Siku nilipobakiwa na mitungi mitatu nilitakiwa niseme kituo hiki hakiingii ndani ya moshi. Mngepiga kelele, wananchi wangepiga kelele, na mitungi ingekuja. Mimi nikaona aibu kusema siwezi. Nikatafuta njia. Mlipoona moto unazimwa mkaamini tuna vya kutosha. Wala siwalaumu sana, kwa sababu na mimi nilifika mahali nikaamini. Niliwazoesha hawa vijana kwamba kukosa ni jambo la kawaida. Wangenifuata popote, na huyu alinifuata."

Nilitoka nje kabla hajamaliza kujibu maswali. Nilishuka ngazi, nikashika reli, nikabaki pale. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile nilikuwa na jambo zima kichwani, halikukosa kipande, na sikujua niliweke wapi. Nilikuwa nimetaka jina la mume wangu lisafishwe. Sikujua kwamba litasafishwa na kicheko.

Kaka alitoka baada ya nusu saa. Akasimama ngazi mbili juu yangu.

"Umefanya vizuri kusema," nikamwambia. Nilimaanisha. Kisha nikasikia sauti yangu ikiendelea yenyewe. "Usije nyumbani kwanza."

"Sawa," akasema.

Alisema kama anavyopokea maagizo ya kazi, akatikisa kichwa mara moja. Hakuuliza hiyo 'kwanza' ni mpaka lini. Na mimi sikujua.

Ripoti ilikuwa na kurasa mbili. Ilisema marehemu aliingia kwa amri ya kiongozi wa zamu, na kwamba kiongozi huyo aliachishwa kazi kwa uzembe. Sentensi ya kwanza nimemsomea binti yangu, na nakala ipo kwenye bahasha pamoja na cheti cha ndoa. Barua kumi na moja hazikutajwa popote. Baada ya miezi mitatu mitungi minane mipya ilifika kituoni ikiwa imefungwa nailoni, Mkubwa akapigwa picha nayo, na vibati vikarudishwa vyenye majina. Dereva aliniambia walipovitundika mara ya kwanza Karani alivigusa kimoja kimoja, akaenda nyuma ya gari, akakaa huko kitambo.

Daktari alinieleza kwamba moshi wa magodoro humaliza mtu haraka, dakika tano, pengine chini. Maana yake hata wangemkumbuka mapema isingesaidia. Kuna siku naamini. Kuna siku nipo kazini, nagonga muhuri karatasi za watu, naanza kuhesabu kutoka moja mpaka arobaini taratibu, na nikifika kumi na kitu namwona ameketi sakafuni, anakagua buti zake, anajiambia Kaka anajua nilipo. Kilichonishinda kusamehe ni hicho. Angefia mikononi mwa adui ningejua la kufanya. Amekufa akiwa na uhakika, na uhakika huo tulimpa mimi na ndugu yangu.

Kama Kaka angedanganya pale ukumbini, ningekuwa naye mpaka leo. Tungekula pamoja Jumapili, nikimshuku kidogo, nikiiweka shuku hiyo mbali kama vyombo vya wageni. Alichagua nisimshuku. Sasa namjua mpaka mwisho, na siwezi kukaa naye chumba kimoja.

Wifi huniletea habari zake. Anakagua vizimamoto vya madukani, vile vyekundu vya kutundika ukutani, anatembea na baiskeli na begi la spana. Mikono imepona vibaya, vidole viwili havikunjiki. Vijana wa kituo bado humwendea siku zao za mapumziko, wanakaa naye kibarazani. "Anawafundisha kukataa," Wifi alisema. "Anawaambia kifaa kikikosekana, semeni hatuingii, na msione haya. Dereva akamwambia, 'Kiongozi, hebu tuonyeshe wewe unavyokataa.' Akajaribu, wifi yangu. Wakacheka mpaka machozi. Hajui hata aanzie wapi."

Miezi kumi na minne ilipita. Mwezi uliopita binti yangu alimaliza shule, akaleta kadi za mahafali. Tatu. Moja yangu, moja ya bibi wa upande wa baba yake. Ya tatu aliiweka mezani mbele yangu na kukaa.

"Mjomba," akasema.

"Mpelekee."

"Nimempelekea. Amesema atakuja mama akiruhusu. Mama, mimi ndiye ninayemaliza shule."

Nikapiga simu. Iliita mara moja tu.

"Naam," akasema Kaka.

Nyuma yake kulikuwa na barabara, pikipiki, mtu anayeuza kitu kwa kuimba. Nikawa nasikiliza hayo.

"Upo?" akauliza.

"Nipo. Mtoto anataka uje."

"Wewe unasemaje?"

Ningeweza kusema njoo. Ni neno fupi, na lilikuwa karibu kabisa. "Sijui, Kaka," nikasema. "Kweli sijui."

"Basi nitasimama nje ya geti," akasema. "Akitoka atanikuta. Usijisumbue kunitafuta."

Siku ya mahafali walitupanga kwenye viti vya plastiki uwanjani, safu baada ya safu, mimi nikawa upande wa uzio. Nilimwona mapema. Alikuwa amesimama ng'ambo ya waya, shati jeupe limechomekewa, baiskeli imeegemezwa ukutani. Aligeuza shingo kushoto, akageuza kulia, nikajua anahesabu mageti ya uwanja. Amepungua sana. Binti yangu alipopewa cheti chake hakurudi kwenye kiti. Alipita katikati ya watu na joho lake, akatoka getini, akamwonyesha. Kaka alikishika kwa ncha za vidole vile visivyokunjika, kama kitu cha kupasuka, akakisoma chote mpaka chini. Akasema jambo, mtoto akamwegemea begani.

Niliinuka. Miguu ilikubali hatua moja, mpaka mwisho wa safu, kisha nikarudi, nikakaa.

Mama mmoja aliyekaa jirani yangu alikuwa akiwatazama pia.

"Yule ni baba yake?" akauliza.

"Mjomba wake. Kaka yangu."

"Sasa mbona kasimama juani, haingii? Viti vipo."

"Nilimkataza," nikasema.

Alisubiri niendelee. Mwalimu akaanza kuita majina ya darasa lililofuata, tukageukia mbele, tukapiga makofi.